Kutoka Bonga Hadi Kizingitini

Mwalimu Marseli Tluway anastaafu tarehe 30 Juni 1985, baada ya kufundisha kwa miaka ishirini na tisa, kumi na sita kati ya hiyo hapa shuleni kwetu mjini Babati. Amefundisha Jiografia darasa la saba, na ni mbishi: ukimwambia jambo fulani ni la zamani sana, atakuuliza zamani ipi.

Umri wa dunia aliufundisha kwa miguu. Kila mwaka darasa lilikutana naye asubuhi kijijini Bonga, nje ya mji, akatangaza kwamba dunia inaanzia pale, kisha wakatembea kurudi shuleni, ambako ndiko leo, kila hatua ikihesabiwa maelfu kwa maelfu ya miaka. Karibu njia nzima hakuna kitu, si samaki, si jani. Ng'ombe akikatiza barabara, Mwalimu alisema huyo bado hajazaliwa. "Mwalimu, watu bado?" waliuliza watoto. "Bado, tembeeni." Binadamu wote aliwapa nafasi moja tu, upana wa kizingiti cha darasa, lakini hilo hakuwaambia. Alitaka wafike wenyewe, miguu ikiwauma, ndipo awaonyeshe.

Mwaka wa kwanza aliteleza. Kwa kuwa watu walikuwa bado, watoto walimpita Mama Bernadina wa Bonga bila shikamoo. Mama akaja hadi ofisini: "Ndivyo mnavyowafundisha, kunipita kama jiwe?" Sisi walimu wenzake tulicheka mpaka machozi. Mwalimu akaomba radhi, na tangu hapo kila mkubwa wa njiani akaamkiwa, akaulizwa habari za nyumbani na za mifugo. Adabu ikarudi, muda ukaisha. Kila mwaka kengele ya mchana iliwakuta kwenye kalvati, samaki ndio kwanza wanatokea. Hakuna darasa lililowahi kufika mlangoni.

Safari hii hakutaka zawadi. Aliomba siku moja isiyo na kengele, na Mwalimu Mkuu, Mama Severine, akampa. Jumanne iliyopita walipita kalvati, wakapita miti ya kwanza, wakapita mijusi mikubwa kuliko nyumba, wakaiona shule. Hapo akatokea Salum wa duka la ushirika, juu ya baiskeli, akitangaza kwamba sabuni imefika. Wote tunajua ni miezi mingapi tumefulia majani ya mpapai. Watoto wakasimama, wakamtazama Mwalimu. Akawaambia wakimbie, mama zao wanasubiri.

Kutoka ofisini tulimwona akimalizia njia peke yake. Alifika mlangoni, akasimama mbele ya kizingiti, wala hakukivuka. Imetuuma sana.

Mwalimu, asante kwa dunia nzima uliyoitembea kwa ajili ya watoto wetu. Nenda salama nyumbani Singe, mahindi yastawi, na mkeo Mama Paskalina akupikie chai ya sukari siku itakapopatikana. Kizingiti chako kipo. Kila asubuhi watoto wanakiruka wakiwahi madawati, hawajui kwamba wameruka watu wote waliowahi kuishi, na sisi umetukataza kuwaambia.