Aliyesaliwa Sala ya Ghaibu

Sogeeni, wanangu, wewe Kuluthumu ukae hapa kichwani pa kitanda na wewe Selemani ufunge mlango, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na neno ninalotaka kuwaambia nimelibeba miaka saba, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuluthumu, mimi nimekulea, lakini unajua kwamba aliyekuzaa ni kaka yangu Nassibu, aliyepelekwa vitani Burma mama yenu Mwanne akiwa na mimba yako. Vita vilipokwisha, askari mwenzake akatuletea habari kwamba alimwona akisombwa na mto. Babu yenu akakusanya watu msikitini, tukamsalia sala ya ghaibu, asaliwayo maiti asiyekuwapo. Nikamwuliza maana ya neno lile. Akasema lilikuja Tabora na misafara ya Waarabu, pamoja na shanga na vitambaa, na asili yake ni kughibu, yaani kutoweka machoni pa watu.

"Ghaibu si kutokuwapo, Abasi. Ni kutoonekana. Ndiyo maana anayesoma bila kitabu husemwa anasoma kwa ghaibu. Maneno yamo moyoni, macho ndiyo hayayaoni."

Mwanne akakaa eda, ikaisha, wazee wakaniozesha mimi. Babu yenu akafariki, na nyumba hii ya Cheyo nikairithi peke yangu.

Basi mwaka lilipotangazwa Azimio la Arusha nilipeleka milango ya mninga Bukene, kwenye shule iliyokuwa ikijengwa. Mtu mmoja mwenye mvi akaja kunisaidia kushusha, akashika mlango upande wa pili, akaniita jina ambalo mama yetu peke yake alikuwa akiniita. Nikamtazama. Alikuwa Nassibu. Akanieleza kwamba mto haukumwua, bali alilazwa ugenini mwaka mzima. Na siku aliyoshuka stesheni ya Tabora, mchukuzi mmoja, asiyemjua, akamsimulia habari za arusi yetu. Hakufika hata sokoni. Alipanda treni ya Mwanza, akashukia Bukene, akalima pamba kwa watu.

Nikangoja adai mkewe na nyumba. Hakudai.

"Mmeshanisalia," alisema, "na Mwanne amekuzalia. Niache ghaibu, mdogo wangu. Niambie tu, ile mimba ilikuwa mtoto gani?"

Nikamwambia ni binti, na kwamba tumempa jina la mama yetu. Akauegemeza mlango ukutani, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Wanangu, watu watasema nilimtii mkubwa wangu. Msikubali. Nilikubali upesi mno, hata mara moja sikumbembeleza arudi, na ndani ya garimoshi la kurudi nilifurahi. Hiyo ndiyo dhambi yangu, msiitafutie jina zuri. Mama yenu alikufa mwaka jana bila kujua, na hilo sina dawa yake.

Sasa nasikia kwa watu wa reli kwamba kibanda chake kimebomolewa katika kuhamia vijiji, ameonyeshwa kiwanja kitupu, na kwa umri ule hawezi kuanza kukata miti ya kujengea. Selemani, nyumba hii ni ya ndugu wawili. Mpe chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barazani, wala usimpe kama unayemkaribisha mgeni. Randa na misumeno yangu chukua wewe. Mkigombana juu ya kuta hizi, mmenigombanisha mimi na kaka yangu kaburini.

Usilie kwanza, Kuluthumu, nisikilize, pumzi yenyewe ni hii. Kesho upande treni. Ukifika, uulizie fundi wa... hapana, yeye ni mkulima, mimi ndiye fundi... uulizie Nassibu wa Tabora. Usimwite baba mkubwa. Mwamkie, "Shikamoo, baba," kisha ungoje. Huenda asijibu haraka. Ungoje tu.

Mungu awape mioyo isiyo na vinyongo... awatie baraka mikononi... Selemani, maji... Yatosha.

Mwambie nimemwita.