Siku Ng'ombe wa Gidabuday Walipoitwa Kwenye Ngano

Mgeni rasmi, Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa Mkoa wetu wa Manyara, shikamoo, na karibu Gehandu.

Sisi akina mama wa Kikundi cha Vuna Salama tunaanza na uvumi, maana uvumi nusura utuulie watoto. Ulitoka mnadani Basotu: kwamba ukiwapigia zimamoto, wa kwanza kukamatwa ni mwenye simu. Mwenzetu Marieta aliusikia akiuza vitunguu. Akaenda nao nyumbani, akalala nao, akaamka nao. Kila alipopita ofisi ya kijiji na kuiona mlangoni namba ya simu uliyoiandika kwa chaki ulipokuja kukagua maghala, aligeuza uso.

HISTORIA

Tangu mashamba makubwa ya ngano yalipogawanywa, kila mwenye eka zake analima mpaka alipoishia mwenzake. Darasa la awali tulilijenga wenyewe, tukaliezeka nyasi, tukaacha ngano ilizunguke pande tatu. Upande wa nne ni korongo lenye kina kuliko mtu mzima. Hatukuona kosa.

Tena tuna desturi ya kuazimana moto. Wakati wa mavuno unakwenda kwa jirani, unachukua makaa kwenye kigae, unakwenda nayo shambani kuwachemshia wavunaji chai. Mama zetu walifanya hivyo. Lakini wao walipita kwenye majani mabichi, sisi tunapita kwenye ngano kavu ya mwezi wa saba.

Jumanne moja mwaka jana, saa nne asubuhi, Marieta alipita na kigae chake. Upepo ulivuma mara moja tu. Alipogeuka nyuma, njia pekee ya kwenda shuleni ilikuwa inawaka, na moto unaelekea darasani, kwenye watoto arobaini na mmoja na mwalimu wao Agatha. Mmoja wa hao watoto ni Justina, binti yake Marieta, miaka mitano.

Alitoa simu. Ule uvumi ukamshika mkono. Alijiona akipandishwa kwenye gari mbele ya watu. Akamwona Justina. Akapiga, namba aliyoikwepa mwaka mzima kumbe alikuwa nayo kichwani.

"Shikamoo baba. Habari za huko?"

"Marahaba. Nzuri mama. Shida ni nini?"

"Nyumbani hawajambo?"

"Mama! Sema shida!"

"Moto, baba. Gehandu. Ngano inaungua na watoto wako darasani."

Mgeni rasmi, hukumuuliza jina. Ulimuuliza upepo unaelekea wapi, na watoto wana njia gani ya kutoka. Aliposema hakuna, ukasema:

"Gari linatoka Babati sasa hivi, lakini moto hautalisubiri. Kuna trekta?"

"Limekwenda Basotu."

"Hapo mna nini?"

"Ng'ombe tu, wa Gidabuday. Mia mbili na kitu."

"Wapitisheni kati ya moto na darasa. Waende, warudi, mpaka ngano ilale na udongo uonekane."

"Kwenye ngano ya watu, baba?"

"Kwenye ngano ya watu. Mimi ndiye nimesema."

Marieta alikimbia akipiga kelele. Gidabuday ni mfugaji, na kesi zake na sisi wakulima zinajulikana.

"Leo mnaniita!" alisema. "Mwezi wa tano ndama wangu mmoja kaonja tu, mkanifikisha kwa mtendaji!"

"Ingiza ng'ombe, Gidabuday!" alilia Hhando, mwenye ngano yenyewe. "Ingiza wote!"

"Sema tena, mashahidi wasikie."

"Ingiza, mzee wangu, nakuomba!"

Na hapo Gidabuday alikuwa ameshapiga mluzi. Ng'ombe wa mbele walikuwa ndani.

MAFANIKIO

Ng'ombe walipita mara nne. Nyuma yao tulifuata sisi na majembe, na magunia yaliyolowa. Moto ulifika penye vumbi, ukasimama, ukatafuta pa kupita, ukakosa. Paa la darasa halikuungua hata unyasi mmoja. Watoto walitoka wote arobaini na mmoja, nyuso nyeusi kwa masizi, wakiimba. Justina alimuuliza mama yake kama na kesho ng'ombe watakuja shuleni.

Gari lako lilipofika, nawe ukiwa ndani yake, lilitukuta kwenye vigelegele. Vijana wako walizima makaa yaliyobaki, wakatufundisha kulima ukanda mtupu wa hatua thelathini kuzunguka darasa. Upo, utauona. Na tangu hapo wanawake wamekupigia simu mara tatu, moja kutoka mbali kule Yaeda Chini, na hakuna nyumba iliyoungua.

CHANGAMOTO

Siku ile ulituuliza, kama kazi yako inavyotaka, moto ulianzia wapi. Tulijibu kwa pamoja kama kwaya: hatujui. Tulikudanganya, mgeni rasmi. Ulitutazama, ukafunga daftari.

Tangu siku hiyo gari likisimama barabarani, Marieta anaingia ndani. Wiki iliyopita alisimama kwenye kikao cha kuandaa risala hii akasema, "Andikeni jina langu. Nimechoka kujificha, na binti yangu anajifunza kujificha."

Tumeandika.

MAOMBI

Tunaomba gari la zimamoto liwekwe Katesh, maana Babati ni mbali. Tunaomba mafunzo kila mwaka kabla ya mavuno.

La tatu ni gumu. Sheria ipo, na hatukufundishi kazi. Ila unapoamua juu ya Marieta, ujue kwamba kila mwanamke hapa mwenye simu anakutazama.

Nanyi wenzetu mliokuja, haya msiyafanye:

Usibebe makaa wakati wa mavuno. Chai ipikwe nyumbani, iende kwenye chupa.

Usilime mpaka ukutani mwa darasa.

Usianze na salamu. Sema moto, sema kijiji. Shikamoo itapokelewa baadaye.

Usimfukuze mwenye ng'ombe siku ya moto.

Usiseme hujui wakati unajua.

Usingoje uwe huna kosa ndipo uombe msaada.

Mungu akulinde, Kamanda, wewe na vijana wako, kila mnapokimbilia kule tunakotoka mbio sisi.

Ni sisi, Kikundi cha Akina Mama Vuna Salama, Kata ya Gehandu, Hanang. Imesomwa na Konsolata, katibu, na Marieta amesimama kando yake.