Edinah Cherotich na Vitanda vya Majani Chai

Sogeeni karibu, nyinyi mliosimama kule kwa ua wa ng'ombe, na nyinyi vijana wa banda njooni hapa mbele mkae kwa nyasi, mama wenye watoto wachanga wawanyonyeshe, na wazee mnyamaze kidogo ingawa najua ni vigumu, kwa sababu leo tarehe 18 Julai 1998 familia imenipa kazi ya kusema maisha ya mdogo wangu, na mimi sina sauti ya kushindana na mtu. Tarehe zimeandikwa na mjukuu wangu Fancy, huyu hapa kando yangu, atanikumbusha nikisahau, hayo mengine niko nayo mwenyewe.

Edinah Cherotich alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Boito, kitinda mimba wa mama yetu, na alilia kwa nguvu mpaka mkunga akasema, huyu hatakosa la kusema, na kweli hakukosa. Mwaka wa 1957 baba aliamua msichana mmoja aende shule na mmoja abaki na ng'ombe, akaniuliza mimi kwa kuwa ndiye mkubwa, nikamwambia, peleka huyu, ng'ombe wamechoka na maswali yake. Alisoma hapa hapa mpaka darasa la saba, mwaka wa 1963, na jioni nikikamua alisimama nyuma yangu akinisomea hesabu za siku hiyo, nikamuuliza zitakusaidia nini, akasema, bado sijajua, lakini naziweka.

Mwaka wa 1966 alijifunza kushona mjini Kericho, na tarehe 2 Januari 1968 akaandikwa na kampuni moja ya majani chai kufundisha wasichana wa mashambani ushonaji. Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Jonah, huyu mnayemwona ameketi pale, ambaye siku ya harusi alisema ameoa mwanamke mmoja na cherehani moja na hajui ni gani itapiga kelele zaidi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kipkurui na Chelang'at.

Kazi ya kampuni iliisha mwaka wa 1991, walipopunguza watu, akarudi nyumbani na cherehani yake, na mwezi wa Septemba akafungua banda la mabati karibu na kituo chetu cha kuuzia majani, kwenye kiwanja cha kituo, kwa ruhusa ya kamati. Hapo alikusanya vijana waliomaliza shule na hawana kazi, wetu wa Kipsigis na wale wa kutoka upande wa ziwa ambao wazazi wao wako kiwandani, wajifunze kutengeneza vitu vya kuuza, lakini hakuwapa mkasi wala msumeno kwanza. Kijana akija na wazo lake zuri, Edinah alimwambia, hilo litakupendeza wewe na mama yako, sasa nenda uniletee mtu anayelalamika. Basi vijana wakawa wanazunguka sokoni na shambani wakisikiliza watu wakinung'unika, na wakirudi swali lilikuwa moja tu, nani amelalamika leo.

Mzee Kipkoech, mwenyekiti wa kamati, hakufurahia jambo hili, na mzee, usiniangalie hivyo, utafika mahali pazuri, ngoja. Yeye alisema Edinah anafundisha watoto kukaa kivulini wakati majani yanazeeka shambani, na mwezi wa Machi 1994 kamati ikakubaliana naye kwamba mvua ikiisha, banda livunjwe. Nilimkuta mdogo wangu ameketi juu ya mbao, nikamuuliza utaenda wapi na hawa watoto, akasema, dada, sina pengine, hapa ndipo.

Siku zile Kiplimo, kijana wa jirani, alirudi na lalamiko la mama mmoja, kwamba bwana yake anakanyaga majani kwa mguu ndani ya gunia ili yaingie mengi, yanapata joto, yanageuka rangi kama majani makavu ya ndizi, na karani wa kiwanda anayamwaga. Edinah akauliza bwana ni nani, Kiplimo akasema ni mwenyekiti. Banda lote lilicheka, lakini Edinah akasema, huyo ndiye mteja wetu. Jentrix, ambaye baba yake ni wa kule ziwani, alijua kufunga mafundo ya wavu, akafuma kamba ya katani, Kiplimo akakata miti ya mkaratusi, wakatengeneza vitanda virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, majani yalale yakipata hewa chini na juu. Mzee Kipkoech alivipita akasema, sasa majani yanapewa vitanda na watoto wangu wanalala chini. Edinah akamjibu, walete watoto pia, mzee, tutawapima.

Mwezi wa Mei mvua ilinyesha sana, lori la kiwanda likakwama matopeni kule mteremkoni, wanaume wote wakaenda kusukuma, na majani ya watu yakabaki kwenye magunia. Lori lilipofika kesho yake, karani alikuwa anaingiza mkono katika kila gunia, anatikisa kichwa, anamwaga, watu wanasonya. Akafika kwa mzee Kipkoech, akaingiza mkono, akauliza, mzee, haya yamelala wapi, yako baridi kama yamechunwa asubuhi. Mzee akajinyoosha, akasema, mimi naelewa majani. Ndipo bibi yake akasema mbele ya foleni yote, yamelala kwa kitanda cha Jentrix nyuma ya ghala la kituo, nilifungua magunia yako wewe ukisukuma lori. Hata karani alikaa chini kwa kucheka.

Baada ya wiki moja mzee alienda kwa kamati mwenyewe, akasema banda libaki, na Edinah aambiwe kwamba yeye mzee anataka vitanda vingine viwili. Kuanzia hapo walikuja watu wa Litein, wakaja wa Sigowet, na leo Kiplimo na Jentrix wana banda lao, wameandika vijana wengine, na kuna Osoro anayeshona aproni za mvua za wachuma majani, na wengine ambao nikianza kuwataja tutalala hapa.

Figo zilianza kumsumbua mwezi wa Februari mwaka huu, akalazwa Kericho, na huko wodini alimuuliza muuguzi, mama, hapa nyinyi mnalalamika nini. Muuguzi akasema, hii stendi ya dripu inaanguka kila ikisukumwa. Edinah akamtuma Kipkurui bandani, na stendi ya miguu mitano ilifika tarehe 10 Julai, siku moja baada ya yeye kutuacha, muuguzi akaipokea kwa mikono miwili, na sasa imemshikia dripu mgonjwa mwingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maziwa na kuni, walimu wa kushona aliofanya kazi nao, kanisa, na kamati yote ya kituo.

Tulikaa juzi na Jonah na watoto tukakubaliana. Shamba ni la Jonah na watoto. Cherehani ni ya Chelang'at. Mkasi mkubwa ni wa Jentrix, msumeno ni wa Kiplimo, na banda ni la kijana yeyote atakayekuja na lalamiko la mtu. Mimi nimepewa kitabu chake cha hesabu cha darasa la saba, Fancy atanisomea nikikamua. Na wewe mzee Kipkoech, umeachiwa kile kiti cha mlangoni, Edinah alisema mwenyewe, uje ukae hapo kila Jumamosi, ulalamike mpaka uchoke, vijana wanakusikiliza.

Pumzika, mdogo wangu, banda limefunguliwa leo asubuhi.