Mzee Mvuke na Sufuria Yetu ya Maharage

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Julai, Mzee Mvuke atazima boila ya chumba cha kufulia kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu. Sisi wengine tumemwita Mvuke tangu tuajiriwe, na ukimwita vingine hageuki.

Alianza kwa kusukuma toroli la nguo chafu kutoka wodini. Gurudumu lake moja lilikuwa bovu, likipiga kelele korido nzima, hivyo wauguzi walijua anakuja kabla hajafika. Baadaye alihamishiwa kwenye boila, na hapo ndipo alipoota mizizi. Mwaka ule wagonjwa walipofurika hadi wakalazwa kwenye korido, mashuka safi hayakukosekana hata siku moja, kwa sababu mzee huyu alibeba godoro lake akaja kuishi kazini. Alitunukiwa cheti. Tulikitundika karibu na bomba la mvuke, kikajikunja chote, na yeye akacheka kuliko sisi.

Ila kwetu sisi wa kufulia, cheti si kitu. Sifa yake ni sufuria. Juu ya boila kuna bamba la chuma ambalo halipoi, na Mvuke ndiye aliyegundua kwamba ukitega maharage hapo asubuhi, mchana yameiva yenyewe. Huyu akaleta kitunguu, yule nyanya, yule chumvi, na meza ya kukunjia mashuka ikifutwa, wote tunakula pamoja. Nyama haikuingia humo kamwe. Mvuke hali nyama, samaki, yai wala maziwa. Yeye na marehemu mkewe waliahidiana hivyo walipooana, na husema ahadi ya watu wawili haivunjwi na aliyebaki. Mimi ninayeandika haya ni mkunjaji wa mashuka, na nyama naipenda kufa, lakini sijala chakula kitamu kama kile.

Kisha tumbo lake likaharibika. Akila kidogo tu, linajaa gesi hadi mkanda unafunguliwa. Akakonda, akapauka, vidole vikafa ganzi. Akapelekwa kufanyiwa kipimo ambacho unakunywa maji matamu halafu unapuliza kwenye mrija mara nyingi, naye alirudi akituambia amepuliza kuliko refa wa mpira. Jibu lilikuwa hili: bakteria wanaopaswa kuishi kwenye utumbo mpana walikuwa wamezidi kwenye utumbo mwembamba, wanakula chakula kabla yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwetu nguo zote zinachemshwa, basi chake kilihamia tumboni.

Akapewa dawa, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi tena. Mtaalamu wa lishe akamwambia kwamba kwa muda aache maharage, dengu, kitunguu maji, kitunguu saumu na kabichi. Jamani! Kwa mtu asiyekula nyama, hiyo ni kama kuambiwa aache meza na viti vyake. Daktari akamshauri ale mayai na samaki, ingekuwa rahisi zaidi. Mvuke akamshukuru, akakataa. Wakapanga upya: wali, viazi, karoti, boga, jibini ya soya, karanga za kuhesabika, na sindano za vitamini kwa ajili ya ile ganzi. Akatakiwa pia asitafune kitu kati ya mlo na mlo, naye alikuwa mtu wa karanga mfukoni kutwa nzima. Hilo alilipokea vizuri. Alitueleza kwamba utumbo nao una wafagizi wake, na mfagizi hafagii watu wakiwa bado mezani.

Lililomshinda ni harufu. Aliendelea kututegea maharage kila asubuhi, akayakoroga, akayapakua kwa mikono yake, kisha akachukua kibakuli chake cha wali na karoti akaenda kula peke yake nyuma ya matangi ya maji. Tulimsihi tupike bila kitunguu. Akagoma katakata, akisema hawezi kuwalisha watu wazima chakula cha wagonjwa kwa sababu ya tumbo la mtu mmoja. Tukamwambia basi alete kibakuli akae nasi tu. Akasema hapana, akikaa na kijiko mbele ya ile rojo inayonukia, mkono wake hautamsikiliza. Meza ikapwaya. Utani ulipungua, tukawa tunakula haraka na kuinuka.

Ndipo mama wa pasi, ambaye ana huruma kuliko subira, akaamua kumtibu. Aliamini kitunguu saumu kinaua vijidudu vyote, akakitwanga kingi, akakificha ndani ya viazi vya Mvuke. Jioni ile boila ilikosa mwangalizi maana mwangalizi alikuwa msalani, mvuke ukashuka, na mashuka ya chumba cha upasuaji yakatoka yanachuruzika maji. Mama wa pasi alilia mno. Mvuke alipopona alimfuata, akamwambia asilie, kwa kuwa viazi vile vilikuwa vitamu kuliko vyote alivyokula tangu augue. Hapo ndipo sote tulipoelewa jinsi hamu inavyomtafuna mzee wetu.

Karibu miaka miwili ilipita. Barua ya kustaafu ikaja, na jambo moja tu likabaki likitunyima raha: ataondoka hajala nasi tena? Mtaalamu wa lishe akamruhusu ajaribu, kijiko kimoja cha dengu zilizooshwa vizuri, kisha viwili, kisha maharage. Haba na haba. Akamfundisha pia kwamba ukikaanga kitunguu saumu kwenye mafuta halafu ukakitoa chote, ladha inabaki mle mafutani na kero inaondoka na kitunguu. Mvuke aliposikia hivyo hakugoma tena. Ladha ipo, basi watu wazima hawatadhulumiwa.

Jumatatu wiki hii mama wa pasi alikaanga, akakitoa kitunguu mbele ya mashahidi, na Mvuke akaja na sahani. Akakaa. Akala taratibu, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Mchana kutwa tulikuwa tukichungulia mkanda wake. Mkanda haukufunguliwa. Jumanne akarudi mezani, akamtania kila mtu, na mimi nikaambiwa ninakunja mashuka kama ninayemficha mtu ndani.

Kwa hiyo, Mzee wetu, asante. Asante kwa mvuke, kwa mashuka makavu, na kwa kutufanya ndugu sisi tusiochangia hata babu. Maisha yako huko uendako yawe ya heri, tumbo likutii, na vidole visife ganzi tena. Hatutajifanya tunafurahi. Tumekungoja miaka miwili, tumekupata siku tano, na Jumatatu ijayo tutapakua tukiwa tumepungua mmoja.