Mzee Jeremia Ngusa na Dume Wake Nandi

Ndugu waombolezaji, kabla hatujasogea kaburini, familia inaomba mkae kidogo. Marehemu hakupenda mambo ya haraka haraka, na hatutaki kumwanzishia leo. Wasifu huu umeandikwa na binti yake Generoza, ambaye ndiye anayeusoma. Akikwama mahali, mwacheni akwame, ataendelea.

Mzee Jeremia Ngusa Masunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Nkoma, wakati huo ikiwa Wilaya ya Maswa, leo Wilaya ya Itilima. Mama yake, Bibi Salu, alikuwa amekwisha kuzika watoto watatu, kwa hiyo Jeremia alikuwa mtoto wa kuombwa hasa. Akiwa na miaka minane surua ilimlaza hadi wazee wakaanza kuulizana pa kuchimba. Asubuhi yake akaketi kitandani, akadai ugali na maziwa ya mgando. Hadi anazeeka, mama yake alikuwa akimwita mtu wa nyongeza. Kabla ya ugonjwa huo alikuwa amepata mdogo wake, Mayige, ndugu pekee aliyebaki naye, na wawili hao walichunga ng'ombe wa baba yao wakila kiazi kimoja kwa zamu ya kung'ata.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Nkoma mwaka 1961 na kumaliza darasa la saba mwaka 1967. Alikuwa na tabia ambayo walimu hawakuifurahia: kila neno alitaka maana yake. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni neno "bahari". Jeremia akanyoosha mkono. Akaambiwa ni maji mengi. Akauliza kama ziwa letu la pale Lamadi? Akaambiwa zaidi. Zaidi kiasi gani? Alichapwa viboko viwili, akarudi kukaa, akaendelea kusubiri jibu. Wenzake wakampa jina la Mzee Maana, na jina hilo likamfuata mpaka Dutwa alikohamia.

Mwaka 1974 aliajiriwa na chama cha ushirika kuwa karani wa mizani ya pamba hapa Dutwa, na ushirika ulipodhoofika, mwaka 1996 akachukuliwa na kiwanda binafsi cha kuchambua pamba cha Mzee Hasmukh, Mhindi aliyezaliwa Mwanza. Kazi yake ilikuwa kutenga pamba safi na pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili. Wakulima walio hapa wanamkumbuka. Alikuwa anazamisha mkono kwenye gunia mpaka kwapani, anatoa jiwe, anamwonyesha mwenye gunia na kumuuliza kwa upole, "Hili lina maana gani, nkoi, rafiki yangu?" Hakumtukana mtu, lakini hakuna aliyerudia kuweka jiwe.

Alifunga ndoa na Esteria Minza wa Kiloleli, Busega, tarehe 8 Julai 1978. Walikutana mnadani, Esteria akiuza dagaa. Jeremia akamuuliza jina lake lina maana gani. Esteria akamjibu, "Lina maana nina kazi. Nunua au pisha." Akanunua. Wakajaliwa watoto wanne, na katika miaka arobaini na saba ya ndoa dagaa hawakukosekana mezani, hata pale watoto walipoomba wakosekane.

Sasa tufike kwa Nandi, maana tunajua wengi mnamwangalia pale zizini na mnajiuliza kwa nini mpaka sasa yu hai.

Nyumbani kwa Mzee Hasmukh aliishi mama yake, Bibi Savita. Mwaka 1997 Jeremia alitumwa kumpelekea dawa, akaona juu ya kabati ng'ombe wa shaba amekunja miguu. Msukuma hawezi kumpita ng'ombe bila kuuliza habari zake, awe wa nyama au wa shaba. Bibi Savita akamwambia anaitwa Nandi. Akamsimulia hadithi ya kale ya dini yao: mzee mmoja aliomba mtoto kwa miaka mingi, akampata, kisha akaambiwa mtoto huyo atakufa mdogo. Mtoto mwenyewe akaenda kumwomba Shiva, mungu wao mkuu, naye akamwokoa na kumfanya fahali wake na mlinzi wa mlango wake. Ndiyo maana kwenye mahekalu yao Nandi analala mlangoni akitazama ndani, na mwenye shida humnong'oneza sikioni, naye huifikisha. Jeremia alirudi nyumbani na hadithi hiyo. Mtoto wa kuombwa aliyekaribia kufa mdogo alikuwa anamfahamu.

Mtu mwingine angetosheka. Yeye alikuwa amepata maana moja tu. Mwaka 2008 alianguka na baiskeli akiwa amebeba gunia, akaumia mgongo, na hospitali ikamshauri mazoezi. Mpwa wa Mzee Hasmukh, kijana aitwaye Kirit, alikuwa anafundisha yoga Mwanza, akamchukua kwa wiki sita. Huko Jeremia akakutana na neno lake tena, likiwa na sura nyingine. Kwa watu wa yoga, Kirit alimwambia, Nandi anatajwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa waliofundishwa na Shiva mwenyewe. Nandi kwao ni mwanafunzi anayejua kukaa, mgongo umenyooka, pumzi inaingia na kutoka, hana papara. Jeremia akauliza mwanafunzi huyo aliuliza maswali gani. Kirit akamwambia, "Babu, huyo alinyamaza." Bibi Esteria anasema hizo wiki sita ndizo zilizomfundisha mumewe kunyamaza, ingawa hazikumaliza kazi.

Maana ya tatu aliipata mwaka 2013 kwa mwalimu mstaafu wa Kihindi, Mwalimu Jayant, jirani wa Kirit. Huyu alikuwa mtu wa falsafa. Alimweleza kwamba wanafikra wao wanatazama mambo matatu: mwenye mifugo, mnyama, na kamba. Mwenye mifugo ni Mungu. Mnyama ni roho ya kila mtu. Kamba ni yale yanayotufunga, hasira, kiburi, kujiona. Kwa hiyo Nandi aliyelala mlangoni si ng'ombe wala mwanafunzi tena, ni roho ya mtu yeyote, inamtazama mwenye mifugo na kungoja kufunguliwa. Jeremia alisema hiyo ndiyo falsafa pekee aliyoielewa bila kuuliza mara mbili, kwa sababu kamba alizijua.

Mwaka uliofuata ng'ombe wake akazaa dume mweusi mwenye doa jeupe, naye Jeremia akampa jina la Nandi. Katekista alikuja kumuuliza kama amehama kanisa. Alijibu, "Sijabadili dini. Nimempa ng'ombe jina." Na kweli, Jumapili hakukosa misa mpaka miguu ilipokataa.

Hapa Generoza anaomba ruhusa ya kusema jambo ambalo kwa kawaida halisemwi msibani. Mwaka 2016 ng'ombe wa Mayige waliingia kwenye pamba ya marehemu. Marehemu hakwenda kwa mdogo wake. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, na Mayige akaitwa ofisini mbele ya wakwe zake. Marehemu alikosea. Alijua amekosea, na hakuwahi kulitamka. Mashamba yao yanapakana, na kwa miaka tisa ndugu hao wawili hawakusalimiana hata mwangaluka ya asubuhi.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2021, baadaye figo. Alitibiwa Bariadi na Mwanza, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Mwezi Julai mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Siku moja kabla ya kufariki alimwambia Generoza, "Nandi asichinjwe kwenye msiba wangu." Generoza akamuuliza ina maana gani. Akatabasamu. "Na wewe umeanza," akasema, na hakueleza. Alifariki Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne.

Alhamisi ukoo ulikaa. Mnaijua desturi: mwenye mji aliyefuga anazikwa kwa dume wa zizi lake mwenyewe, na zizi la marehemu lina dume mmoja tu. Kumwacha ni kama kusema marehemu hakuwa na kitu. Mayige, kama ndugu pekee aliyebaki, alikuja kusimamia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga mji huu tangu 2016, na mkononi alikuwa na kamba.

"Shemeji," akamwambia Bibi Esteria, "ngosha, mwanamume mzima, hazikwi kwa maharage."

Generoza akamwambia baba mdogo maneno ya baba yake. Mayige akauliza sababu. Generoza akasema hakuambiwa. Wazee wakaguna, na Mayige akafungua mlango wa zizi.

Ndipo Bibi Esteria akasema, "Mayige, subiri. Mimi nakamua pale nyuma ya uzio kila asubuhi. Kaka yako alikuwa anakuja kwa huyu dume, anamshika sikio, anamnong'oneza. Nilidhani ni uzee. Siku moja nikasogea. Alikuwa anasema, 'Mwambie Mungu Mayige ana haki. Mwambie anirudishie Mayige.' Basi. Hakuomba kingine, hata figo zake hakuziomba."

Mayige akauliza, "Mara ngapi?"

"Kila siku. Ila alipolazwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alisema likishanong'onwa kule halirudiwi kwa mtu. Na wewe ulikuwa hupiti hapa."

Mayige alikaa juu ya hori, mzee wa miaka sabini, akalia mbele yetu wote bila kujificha. Kisha akasimama, akamshika Nandi sikio, akainama. Alichosema hatukijui na hatutakiuliza. Alipogeuka akawaambia wazee, "Huyu hachinjwi. Amefikisha." Akatuma watu zizini kwake. Kwa hiyo nyama mtakayokula leo ni ya dume mwekundu wa Mayige Masunga, na yeye ndiye aliyeagiza iandikwe humu kwenye wasifu ili watu wasije wakasema kaka yake hakuwa na kitu. Alikuwa na ndugu.

Marehemu ameacha mke, Bibi Esteria Minza. Watoto wanne, Marcelo, Generoza, Justina na Nkinda. Wajukuu kumi na mmoja. Na mdogo wake Mayige, ambaye alimpata siku moja baada ya kufa. Ameacha pia Nandi. Sala ya mwisho ikiisha, Mayige atamfungua, naye atakwenda kulisha atakapo, hata kwenye pamba ya Mayige. Tumeshakubaliana kwamba mtendaji hataitwa.

Mzee Maana, baba yetu, kamba imefunguliwa. Nenda kwa mwenye mifugo, upumzike kwa amani.