Mzee Bado Anaiacha Kadi ya Lifti

Baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza lifti mbili za jengo letu, fundi wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni. Nasema kamili kwa sababu ameshanionya kwamba hataacha kazi nusu saa kabla kwa ajili ya keki. Na mjue kabisa kwamba hii ni rasimu ya nne. Tatu za kwanza alizirudisha mwenyewe, zimepigwa mistari ya kalamu nyekundu. Jamani, nani amewahi kuona mstaafu anayefuta sifa zake?

Nilipoandika kwamba hakuwahi kuchelewa kazini, aliandika pembeni kwamba alichelewa mara nne, na sababu akazitaja. Nilipoandika kwamba alikuwa nguzo ya maombi yetu ya mchana, alifuta sentensi nzima. Hapo alikuwa sahihi, maana mwenyekiti wa maombi hayo ni mimi, na najua alivyokuwa akitukwepa.

Aliingia hapa kama msaidizi wa fundi umeme, akapanda hadi kuwa mkuu wa mitambo. Jina la Mzee Bado tulimpa sisi wa ghorofa ya nane. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi hufunga lifti, hupanda kwenye chumba cha mitambo juu ya paa, hukagua kamba za chuma na breki, ndipo hutia sahihi kadi ya ukaguzi. Ukimuuliza kama amemaliza, jibu ni hilohilo. Mkurugenzi kaambiwa bado. Mimi na magoti yangu haya nimeambiwa bado hadi nimechoka.

Sasa lile la mwaka juzi. Nilikuwa nimealika mhubiri mgeni, baba mwenye mwili wake, aje atufundishe kumcha Mungu. Kwa bahati mbaya ilikuwa siku ya ukaguzi. Nilisimama chini ya ngazi nikimharakisha Mzee Bado huku napiga makofi, naye kwa mara ya kwanza akakubali, akatia sahihi, akafungua lifti. Nikamshukuru Mungu. Mgeni akiwa getini, mzee akazifunga tena! Tena akapita ghorofa kwa ghorofa, kofia mkononi, akiwaeleza watu kwamba ametia sahihi breki ambazo hakuziangalia. Alimweleza mkurugenzi, akamweleza na mama wa chai.

Mhubiri wangu alipanda ngazi mia moja arobaini na nne. Alifika anahema, akafundisha kumcha Mungu kwa dakika tisa, amekaa. Na breki zilikuwaje? Nzima, hazina hata mkwaruzo! Nilichemka. Nilimwambia mbele za watu kwamba ametuaibisha bure. Halafu, Mungu anisamehe, kwenye maombi ya Jumatano niliomba kwa sauti kwamba baadhi ya wafanyakazi wajaliwe kumcha Mungu, na kila mtu alijua ni nani.

Hakununa. Alikuja ofisini kwangu akakaa kwenye kiti kile kibovu, akanieleza taratibu kwamba ujanani alikagua vizuri kwa kumwogopa bosi, na bosi akisafiri, ukaguzi nao ulisafiri. Kisha siku moja, akiwa juu ya paa la lifti, alimsikia mama mmoja chini yake akiwaimbia mapacha wake, hana habari kwamba uhai wao uko mikononi mwa mtu. Akatambua kwamba Mungu anawatazama wote, yeye na yule mama. Hakuogopa kama mtu anayeogopa kiboko, aliogopa kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambebe. Tangu hapo, kabla ya kutia sahihi, humwambia Mungu kimoyomoyo kwamba ameona anachokiandika. Kama hajaona, maneno hayatoki. Nilimsikiliza nusu nusu, nikamwambia ni sawa, ila aje kwenye maombi.

Mwezi uliopita kamati ya kumuaga ilimuuliza anataka zawadi gani. Saa alikataa, sanduku la safari alikataa. Alitaka nipande naye juu, mara moja tu.

Basi Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu nilipanda ngazi ya chuma ya kwenda chumba cha mitambo, magoti yakilia. Chumba chenyewe hakizidi jiko, kina joto na harufu ya grisi. Lifti alikuwa hajazifunga, kwa hiyo kamba zilikuwa zinapita mbele yangu, na kutoka chini nilisikia sauti ya mtoto akihesabu ghorofa pamoja na baba yake. Mzee akanipa kadi na kalamu. Kadi ile ina sahihi mbili. Ya pili, chini ya neno Nimehakiki, ni yangu mimi ofisa utawala, na nimeiweka kila mwezi kwa miaka kumi na tisa, mezani kwangu, mara nyingine simu ikiwa sikioni. Sikuwahi kupanda hata siku moja. Alikuwa akijua. Kila mwezi alinikaribisha, na kila mwezi nilimwambia nina kazi. Niliona aibu, kisha nikaogopa, na mkono ulikataa kuandika mpaka alipozifunga lifti akanionyesha breki moja baada ya nyingine.

Rasimu hii imerudi bila mstari mwekundu, kwa hiyo aliyeombewa kumcha Mungu ameipitisha, na aliyemwombea ameaibika ipasavyo.

Mzee wetu, asante kwa kutuchelewesha salama miaka yote hii. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na nyumba isiyo na ngazi. Jumatatu ya kwanza ya mwezi fundi mpya ataleta kadi, nami nitapanda kwanza ndipo nitie sahihi. Wa ghorofa ya nane mtanipigia kelele huko chini mkiuliza kama nimemaliza. Jibu mnalijua.