Msikiti wa Iwo Wakosewa Mahali Silver Spring

Jumamosi, nje ya duka la vyakula vya Kiafrika pale Silver Spring, Marekani, benchi letu lilikuwa limejaa. Simiyu, Mkenya, mlinzi wa maegesho, tunamwita Injinia. Zefania wa Dodoma aliendesha gari la ubalozi miezi minne tu, basi tangu hapo ni Balozi. Mimi ndiye mwenye chupa ya kahawa. Gervas, mwanafunzi wa chuo kule Annandale, akatuletea ramani ya Iwo, mji wa Wayoruba kule Nigeria, aliyoichora mwenyewe. Jumatatu anasimama darasani kueleza Uislamu ulivyoingia mji ule na mji ulivyopangwa. Akifeli, anarudia somo zima.

— Msikiti nimeuweka huku nje ya mji, penye barabara kuu, alisema Gervas.

— Poa, akasema Injinia. Mfalme wa mji huo alijua mambo ya parking.

— Ya farasi, Balozi akamsahihisha. Na aliyeupima mji huo alitoka kwetu. Jamaa wa Kilwa alikatiza bara zima kwa miguu, na kamba yake ya kupimia.

— Nyie hata Dodoma hamjamaliza kuipima, nikamwambia.

— Ndiyo maana. Mpimaji hajarudi.

Mama mmoja aliyetoka dukani na mfuko wa unga wa viazi vikuu akasimama kuitazama ramani. Ni Sidikat, nesi, mzaliwa wa Iwo. Kiswahili alikipata Arusha, alikokaa miaka tisa.

— Nani kautupa msikiti wetu porini?

Gervas akanyoosha mkono taratibu.

— Si huku Marekani misikiti yote iko barabarani, mama?

— Kwetu si kama Springfield yenu ya hapa. Uislamu ulikuja na wafanyabiashara. Watu wakaanza kuswali majumbani, kimyakimya, kisha mitaani. Mfalme aliposilimu, msikiti ukaja kukaa karibu na jumba lake na soko lake. Katikati kabisa. Mtoto akipotea tunamwambia atafute mnara. Babu yangu alibeba udongo wa kujengea, usinichezee.

Hata mimi wa Tanga nilijisikia fahari. Gervas alikuwa ameshafuta msikiti wa barabarani.

— Sasa huyo profesa wako aje tu, akasema Injinia, ametunisha kifua utadhani Iwo iko kwao Bungoma.

— Na hapa kwenu? Mama akauliza. Mtoto akipotea, mnamwambia atafute nini?

Injinia akatazama stesheni ya treni. Balozi akatazama maegesho. Nikatikisa chupa, kahawa imekwisha, na hakuna aliyeinuka. Mama akatua mfuko wake, akatusogeza, akaketi katikati yetu, akamwonyesha Gervas mahali pa kuchora soko.